Taa za Njano, Barabara ya Kericho

Jumatatu, 11 Aprili 1994

Nimeosha kioo cha gari langu, Kamongo, tena. Wadudu wa ziwa walishuka jana jioni kama moshi, leo wamekaukia kwenye kioo na kwenye taa. Maji ya sabuni, gazeti kuukuu, kusugua. Halafu chuoni. Wanafunzi wangu wa taipu bado wanapiga huku wakiangalia vidole.

Mchana nikapita duka la vipuri nyuma ya soko. Nimenunua taa mbili za ukungu. Za njano, na vyuma vyake vya kufungia. Muuzaji akaniuliza Kisumu kuna ukungu gani. Nikamwambia ni za Kericho.

Sikumweleza zaidi. Odhiambo, kaka yangu wa pekee, anaumwa huko juu kwenye mashamba ya majani chai. Ni ule ugonjwa. Dorina mke wake halitaji jina lake, na mimi silitaji. Anataka kurudi nyumbani Kano, kwa Mama. Watoto wao wawili wako huko tayari. Nyumba anayolala ni ya shamba, na kwa kuwa hafanyi kazi tena, wanaitaka mwisho wa mwezi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nikarudi alfajiri ili niwahi darasa. Ukungu ukanifunika mara tu nilipouacha mji. Nikawasha taa kubwa, mwanga ukanirudia machoni. Ukuta mweupe. Mbele kulikuwa na lori la magogo, limeegeshwa bila taa. Nilifunga breki, gari likateleza, na liliposimama magogo yalikuwa mbele ya uso wangu, kioo tu katikati. Nikaendesha kwa gia ya pili mpaka Kipsitet, nalia.

Sipandi huko tena bila taa. Naogopa. Ndiyo hivyo.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimetoka Milimani kwa Baba Mdogo. Ana pikapu kubwa yenye turubai. Odhiambo angelala vizuri mle. Alinikaribisha chai, tukaongea habari za mvua, kisha nikamwomba.

Akauliza, "Mnamleta apone, au mnamleta afe?"

"Tunamleta nyumbani, Baba."

Akasema pikapu inabeba mikate. Wateja wakisikia kimelala nini ndani yake, hawatanunua tena. Alisema hivyo polepole, bila ukali, huku ananiongezea sukari. Mke wake hakutoka jikoni. Nilipoondoka nilisikia kikombe changu kinamwagiwa maji ya moto.

Ni Kamongo, basi. Nililipa jina hilo la samaki wa topeni kwa sababu ya rangi yake ya tope na kwa sababu haliogopi matope. Lakini ni dogo. Odhiambo ni mrefu.

Jumamosi, 16 Aprili

Siku mbaya.

Nilifunga taa mwenyewe asubuhi, hapa uani Migosi, majirani wakitazama. Nilitoboa bampa kwa drili ya kuazima. Tundu la kwanza lilikwenda kombo, la pili sawa. Taa zimekaa chini, karibu na lami, ndivyo zinavyotakiwa. Nilijisikia vizuri kidogo.

Waya nikampelekea Barasa, fundi wa umeme wa magari kule Kibuye. Mtu wa Bungoma, mpole, anaongea na gari kuliko na mwenye gari. Alimaliza haraka. Taa zikawaka. Tukacheka.

Kabla sijafika nyumbani, harufu. Moshi ukatoka chini ya usukani, mwembamba, wa buluu. Nilizima kila kitu, nikafungua boneti, nikang'oa waya wa betri kwa mikono. Kidole kimeungua. Swichi imeyeyuka kama peremende.

Nimerudi kwa Barasa nikiwa nimekasirika. Akaangalia, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo waya ilikuwa ya redio. Nilidhani itavumilia."

Alidhani. Kaka yangu angekuwa amelala mle ndani.

Jumanne, 19 Aprili

Dorina amepiga simu chuoni, akitumia simu ya duka la shambani. Katibu aliniita mbele ya darasa. Laini ilikuwa inakwaruza.

Odhiambo hali tena ugali. Uji tu, na uji wenyewe unarudi. Dorina anasema tukija, tuondoke alfajiri. Joto la bonde litamwangusha, akipata jua la Awasi mchana hatafika. Na kuna jambo jingine, akaliongeza kwa sauti ya chini. Hataki wenzake wamwone akibebwa. Alikuwa nyapara. Walimwogopa. Anataka awe ameondoka kabla wachumaji hawajatoka majumbani.

Alfajiri maana yake ni ukungu.

Nilimwambia Dorina taa zinafungwa. Halafu akauliza, "Taa gani, wifi?"

Nikamwambia, za ukungu.

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua kila siku. Mtu kutoka Ahero amenipa maneno ya Mama: mto Nyando umejaa, maji yameshaingia mashamba ya mpunga, mlete mtoto wangu kabla njia ya nyumbani haijafunikwa. Mama amempigia lipu chumba. Ana miaka mingi huyu mama, na amebeba udongo mwenyewe.

Mume wangu amepiga simu kutoka Nairobi. Anasema nisubiri aje mwisho wa mwezi, tuende pamoja. Nikamwambia mwisho wa mwezi nyumba itakuwa imefungwa. Akasema basi nikodi gari. Nani atakubali kumbeba?

Jumapili, 24 Aprili

Jana Barasa alifanya kazi upya. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake, relei ya kulinda swichi ameifunga pembeni ndani ya boneti, swichi mpya chini ya dashibodi. Ile redio ameichomoa kabisa, sikumwuliza kwa nini. Tuliziacha taa zikiwaka, yeye ameshika waya kwa vidole kuona kama unapata moto. Haukupata. Hakutaka kunitazama machoni. Sina hasira naye tena.

Kila kitu kiko tayari tangu jana saa kumi. Ningeweza kupanda jana ile ile, nilale huko, leo tuteremke. Sikupanda. Nilijiambia nijaribu taa kwanza. Nikaenda nazo mpaka Kiboko, kando ya ziwa, nikarudi. Hakukuwa na ukungu wa kujaribia. Nilijua hautakuwapo.

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa. Mkuu wa chuo amekubali.

Ijumaa, 29 Aprili. Kericho

Nimefika. Njia ilikuwa wazi, jua, milima ya kijani kama imechanwa na kitana. Kiti cha mbele cha abiria nimekiacha kwa Barasa, mahali pake kuna godoro linaloanzia chini ya dashibodi mpaka kiti cha nyuma.

Sikumtambua. Nilipoingia nilidhani ni mzee amekuja kumtembelea. Kisha mzee akaniita kwa jina langu la utotoni: "Achi, umechelewa. Nimemaliza uji wote." Akacheka, ikawa kikohozi.

Dorina amefunga vitu vyao. Sufuria, blanketi, redio, koti la mvua la kazini. Yeye pia amekonda. Niliona, naye akaona kwamba nimeona.

Nimelala kwenye mkeka miguuni pa Odhiambo.

Jumapili, 1 Mei. Kano

Naandika ya jana. Sitaki kuandika.

Tulimbeba mimi na Dorina, tukimkunja ndani ya blanketi. Hakuwa na uzito. Bado kulikuwa giza kidogo, nyumba zote kimya. Tulimlaza kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Dorina kiti cha nyuma, miguu mbele kando yangu. Kila nilipobadilisha gia mkono wangu uligusa unyayo wake. Wa baridi.

Ukungu ulikuwa getini unatungoja. Nikazima taa kubwa, nikawasha za njano. Sikuamini. Kando ya lami ikaonekana, nyasi, mstari mweupe katikati, wanawake wachumaji wakipita na vikapu mgongoni. Hawakutazama ndani. Odhiambo aliona ule mwanga unavyotambaa chini.

"Umenunulia Kamongo macho ya paka," akasema.

Nikafurahi. Niliendesha polepole, lakini niliendesha.

Kwenye mteremko kabla ya Kapsoit nikaona matawi barabarani. Matawi mabichi, yamekatwa sasa hivi, yamelazwa kwenye lami. Nikasimama. Mwanaume akatoka kwenye ukungu akipunga koti. Hatua chache mbele yake, trela la chai lilikuwa limelala kwa ubavu, limeziba barabara yote, na basi dogo limeingia chini yake. Watu walikuwa wanaita. Siandiki nilichokiona pale. Yule mwanaume akasema, "Mama, umeyaonaje matawi? Hao hawakuona."

Kurudi nyuma hatukuweza, magari yalishaanza kujipanga. Na mimi sikuwa na taa ya ukungu nyuma. Dorina akaivua leso yake nyekundu, akaifunga kwenye buti. Halafu akarudi kukishika kichwa cha mumewe.

Tulingoja. Walileta trekta la kuvuta trela, kamba ikakatika, wakaenda kutafuta mnyororo. Ukungu haukusogea. Odhiambo aliuliza kama tumefika Ahero. Dorina akasema bado kidogo. Akauliza tena. Baadaye akaniambia, "Zima taa, betri itakufa." Aliwahi kuendesha trekta kabla hajawa nyapara, mambo ya betri aliyajua. Nikazima. Tukabaki ndani ya ule weupe, sisi watatu, tukisikia vyuma vikigongwa.

Aliomba maji. Dorina akamlowesha midomo kwa kitambaa. Nikageuka kuchukua chupa ya uji, na nilipogeuka tena, Dorina alikuwa amemfunika macho kwa kiganja chake.

Hakulia. Alisema, "Wifi, usiseme kitu. Wakijua watamteremsha. Watampeleka mochari ya hapa, na karatasi zake, na wiki nzima. Washa gari wakifungua njia."

Nikamwuliza kama ana uhakika. Swali la kijinga. Nikamgusa unyayo.

Walipofungua njia nikawasha gari. Nikawasha na zile taa. Ukungu ulikatika baada ya Kipsitet, ghafla, bonde lote likawa chini yetu na maji yake yaking'aa. Nikasahau kuzizima.

Awasi kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari kijana akainama dirishani. Dorina alikuwa amemwegemeza kichwa kifuani, anampepea kwa gazeti, anamnong'oneza kwa Kijaluo kwamba tumekaribia. Askari akauliza, "Mgonjwa?"

"Mgonjwa," nikasema.

"Mbona unawasha taa jua likiwaka?"

Nikazima. Akatupungia mkono tupite.

Njia ya nyumbani ilikuwa maji mpaka nusu ya magurudumu. Kamongo liliogelea. Mama alikuwa langoni, amesimama kwenye maji, amevaa nguo yake ya kanisa. Watoto nyuma yake. Nilisimamisha gari.

Mama akaja dirishani. Akamtazama muda mrefu. Akauliza, "Amefika?"

Kwetu mtu aliyekata roho njiani ana mambo yake. Kuna mahali asipopitia, kuna mahali asipolazwa. Mama aliuliza kitu kimoja tu na mimi nilijua ni kipi.

Dorina akasema, "Amefika, Mama. Tumeingia naye langoni. Ameiona nyumba. Ndipo ameenda."

Mama akanigeukia mimi.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Ndipo akapiga ukemi wa msiba.

Jumanne, 3 Mei

Hii inanisumbua, naiweka hapa. Ningepanda Jumamosi ile Barasa alipomaliza taa, angeteremka akiwa hai. Angelala kwenye chumba kilichopigwa lipu. Ningepanda bila taa, tungekuwa wote wanne chini ya trela, pamoja na gari. Yote mawili ni kweli. Kuyageuza hakusaidii. Nayageuza mchana kutwa.

Jumapili, 8 Mei

Tumemzika jana. Maji yalikuwa yanaingia kaburini, vijana wakiyachota kwa ndoo hadi dakika ya mwisho. Baba Mdogo alikuja na pikapu imejaa mikate ya waombolezaji. Watu walikula. Mimi sikula.

Mume wangu alikuwepo. Alikagua taa, akasema zimefungwa vizuri.

Jumapili, 29 Mei. Kano

Maji yameshuka. Nimekuja baada ya kanisa na sukari na sabuni. Dorina hajarudi kwao. Anakohoa sasa, anasema ni vumbi la makaa. Nilimwambia nitampeleka hospitali Jumatano, akakubali bila kubisha.

Wageni walikuja mchana, akina mama wa kanisa la Mama. Walikaa kwenye mikeka nje ya nyumba. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Dorina, watoto katikati yetu. Mama akaanza kuwaeleza Odhiambo alivyofika. Kwamba gari liliingia langoni, na yeye akainua kichwa. Kwamba aliitazama nyumba, akamtazama ng'ombe, akaita watoto kwa majina yao. Mara ya mwisho aliposimulia, hakukuwa na ng'ombe.

Mtoto mkubwa aliacha mahindi. Akamwuliza mama yake, "Aliniita mimi kwanza?"

Dorina aliendelea kupukuchua.

"Wewe kwanza," akasema.