Makaa ya bibi Hulda

Avelina, nimetoka kwa bibi Hulda sasa hivi. Nilimwambia tubane matumizi ya makaa: tukishapika, jiko tuliingize chumbani litupe joto, tufunge dirisha. Akanifokea, "Usithubutu!"

Kumbe wakati wa Mwingereza alifanya hivyohivyo! Alikuwa mama wa miaka ishirini hapahapa Njombe, baridi ya Julai, kuni zimeadimika. Akaingiza chumbani chungu cha makaa yaliyobaki jikoni, akaziba nyufa zote kwa matambara, akamlaza mwanawe Ema, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, mtoto alikuwa amelala. Amelala tu, Avelina! Hakuamka tena.

Mumewe, babu Efraimu, akauliza, "Nani aliziba dirisha?"

"Mimi."

Hakumgombeza. Aliling'oa dirisha, wakaishi na baridi ile miaka mitatu, bila kulitaja jina la mtoto.