Kuku wa Dakika ya Tatu

Mtaa wa Nyambai,
Brikama, Gambia.
Jumatano, 8 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Dembo,

Hujambo huko Mataró kwenye baridi ya Ulaya? Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unatoka asubuhi kifua wazi kama uko Brikama? Kula vizuri, na usilale bila soksi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua akikaa sana, na vumbi la mwaka huu limezidi, tunalila hata kwenye wali. Vinginevyo wazima.

Najua utashangaa kupata karatasi mwaka huu wa simu. Simu siiamini tena, mdogo wangu. Kila kinachopita humo kinatokea upande wa pili kikiwa na mwenyewe mwingine. Barua hii anakuletea Kumba, mke wa yule fundi cherehani, anasafiri Ijumaa. Nimeibandika gundi mara mbili. Ukikuta imefunguliwa niambie, maana na yeye simwamini sana.

Sasa sikiliza, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ile chaneli ya Mama kwenye mtandao, ambayo watu wetu walioko nje husikilizia nyimbo zake na kumwita aimbe kwenye harusi zao na sherehe za kuwapa watoto wao majina, imepewa maonyo mawili. Nyimbo mbili zimeondolewa. Wenye mtandao wameandika kwamba kuna kampuni huko Ulaya yenye hakimiliki ya nyimbo hizo, na kwamba sisi tumeziiba. Sisi! Yaani Mama ameiba wimbo aliouimba mwenyewe, uani kwake, Baba akimpigia kora, lile zeze lake la nyuzi nyingi.

Onyo la tatu limeingia juzi Jumatatu. Lisipoondolewa kabla ya Alhamisi ijayo, tarehe 16, chaneli yote inafungwa. Unajua maana yake. Tangu tumzike Baba, sauti yake imebaki humo tu. Simu tuliyomrekodia ilitumbukia kisimani, na nakala nyingine hatuna.

Usidhani nilikaa nikalia tu. Kuna fomu ya kujitetea, niliijaza baada ya onyo la pili, Mama akiwa pembeni yangu. Swali la kwanza: je, wimbo ni wako? Nikataka kuandika ndiyo. Mama akanishika mkono. "Si wangu. Ni wa Mbalu Sakiliba wa Fatoto, ndiye aliyenifundisha." Nikamwambia Mama, hawa si watu wa kuelezwa hivyo, andika ndiyo yaishe. Akaniuliza, "Nimdhulumu marehemu kwa sababu ya fomu?" Nikaandika kama alivyotaka.

Jibu lilirudi baada ya siku mbili. Wanasema hata kwenye wimbo wenyewe, mwanzoni kabisa, mwimbaji anakiri kwamba wimbo si wake. Umeona? Ile heshima yetu ya kumtaja aliyekufundisha kabla hujafungua kinywa, wao wameigeuza ushahidi. Jali gani, mwimbaji wa kurithi kama sisi, anaimba bila kumtaja mwalimu wake? Baba mdogo Sarjo aliposikia alicheka mpaka akamwaga chai. "Pigeni chafya haraka," akasema, "kesho na chafya itakuwa na hakimiliki." Mimi sikucheka.

Basi nikatafuta wimbo wa hiyo kampuni niusikilize mwenyewe. Wameweka ngoma za mashine chini yake, na jina la kizungu juu. Lakini ni Mama yule yule, na ni kora ya Baba yule yule, na kile kibati cha kopo la sadini alichokifunga kwenye kora, kinachotetemeka akipiga. Nikasema labda wameuchota kwenye chaneli yetu. Nikaendelea kusikiliza. Dakika ya tatu, Dembo, kuna mtu anapiga kelele kwa mbali: "Toka kwenye mtama, we!" Na kuku analia.

Huyo ni mimi.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kwenye chaneli kuku huyo hayupo. Sauti yake tuliikata kabla ya kuuweka wimbo mtandaoni. Ebrima wa duka la simu ndiye aliyekata, nami nimesimama nyuma yake, akafuta ule mzima nikiona kwa macho yangu. Hata hivyo jana nilimfuata nikamwapisha kwa Kurani, na bado nilimtazama usoni kwa muda. Wimbo mzima wenye kuku ulibaki kwenye kadi moja tu ya simu, ile niliyokushonea mimi ndani ya pindo la koti siku unaondoka, ili ukimkumbuka Baba usikilize.

Ulisema kadi ilipotea njiani. Ilipoteaje ndani ya pindo? Na ile picha uliyotuma mwezi wa kumi na moja, umesimama na vijana wawili, nyuma kuna maikrofoni na ukuta umebandikwa sponji. Nilikuuliza pale ni wapi, ukajibu ni kwa rafiki. Rafiki gani? Na kwa nini tangu Mama apewe onyo la kwanza simu yangu hupokei, ila ya Baba mdogo unapokea?

Labda nakuonea. Labda koti liliibwa, na kadi imezunguka mpaka ikafika kwa hao watu. Nataka sana kuamini hivyo, na kila nikikaribia kuamini namsikia yule kuku.

Kampuni inaweza kuondoa madai yake. Nimeuliza, wanasema aliyewapa wimbo akiwaambia haukuwa wake kutoa, wanaondoa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kama ni wewe, nenda kawaambie. Sitakusema kwa mtu. Alhamisi nyimbo zikirudi nitajua ni wewe, na zisiporudi pia nitajua ni wewe. Lakini zikirudi nitakupikia domoda, mchuzi wa karanga unaoupenda, siku utakayokuja, na sitauliza kitu.

Baba mdogo Sarjo anakusalimu. Shangazi Kaddy anakusalimu na anauliza utaoa lini. Mapacha wa Nyima wanakusalimu, wameanza shule. Mungu akulinde na baridi na watu wabaya, na akurudishe kwetu ukiwa na uso mweupe, usio na aibu.

Mama naye anakusalimu. Amepita hapa sasa hivi, akaniuliza namwandikia nani. Nikasema Dembo. Mambo ya kadi na kuku sijamwambia, naapa kwa Mungu. Akasimama kidogo, akashika goti lake. "Mwambie," akasema, "kama alikuwa na shida angesema tu. Ningemwimbia nyingine."

Dada yako anayekupenda hata akikushuku,
Tida