Papa, Nilimwaga Sufuria

Papa,

Unisamehe. Habari ya kifo chako ilinifikia ukiwa umeshazikwa. Barabara ya kutoka Beni hadi Butembo ilikuwa imefungwa na wenye bunduki. Nimebaki na asante ambayo sikukupa.

Unakumbuka ulivyotutembeza wanafunzi wako wa somo la mimea mtaa mzima wa Mususa, ukisimama kwenye kila ua lililochanua? Mimi binti yako niliona haya mpaka basi. Ulisema: "Ba-Kambale beko elfu mu Butembo. Jina haiwezi kukuambia nyumba yabo. Na jani ni vile vile. Ua ndiyo mulango ya kujua jamaa ya mumea." Tulicheka, maana kwetu kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale.

Vita vilipofika kijijini nilikoolewa, upande wa Beni, nilikimbia na watoto na mama mkwe. Siku ya tatu, katika shamba lililoachwa, mama mkwe alichuma majani machanga akasema ni lenga-lenga, mchicha wetu. Yalikuwa yanachemka nilipomuuliza kama ameona ua lake. Hakuona. Nikaenda alipochuma. Palikuwa na mmea mmoja uliokomaa, wa aina ileile: ua jeupe, refu kama tarumbeta, na tunda la miiba. Jamaa ya nyanya, Papa, lakini yule ndugu muuaji uliyetukataza hata kumgusa.

Nikamwaga sufuria. Watoto walilia. Mama mkwe akapiga kelele: "Unamwanga chakula ya batoto? Uko na roho gani?"

Nilikuwa na macho yako tu. Nikazunguka shamba mpaka nikapata vijiua vya njano: petali nne zimekaa msalaba, na katikati stameni sita, vile vijiti vya chavua, nne ndefu, mbili fupi. Jamaa ya kabeji, ile uliyotufundisha kwamba inalika! Nilihesabu mara tatu. Nikapika, nikala mimi kwanza, nikangoja. Kisha wakala wao.

Mama mkwe alininunia siku mbili. Hakuwahi kukuona, lakini siku hizi hapiki jani asilolijua kabla ya kuniletea: "Kavira, papa yako angesema nini juu ya hii?" Nami najisikia tajiri.

Asante, Papa. Asante kwa kunichosha. Nakuahidi: nisipolijua ua nitasema sijui, na hakuna wa nyumba yangu atakayekula jani lake.

Pumzika. Wajukuu wako wote watatu wako hai.

Kavira wako