Kikombe cha Mgonjwa

Mkongeni, Tanga

Kwa Mama yangu mzazi,

Kamwene, Mama. Habari za baridi ya Njombe, na goti lako je? Mimi ni mzima. Najua neno hilo hulipendi, lakini ndilo la kweli. Asubuhi naanika mkonge na wanawake wenzangu, jioni napika. Mume wangu naye hajambo.

Barua yako nimeipata. Unasema mdogo wangu Tumaini ameanza kutapika, miguu imelegea, na kwamba ugonjwa wangu umehamia kwake. Unasema watu wa kanisa wanakuletea kuni na mahindi, na mganga wa zahanati amekusifu tena kwa uvumilivu. Hapo niliiweka barua chini, nikaenda kuchota maji.

Nazikumbuka sifa zile. Ulinibeba mgongoni mpaka zahanati hali nimekwisha kuvunja ungo, na wanawake njiani wakasema, "Mama huyu! Mungu atamlipa." Ulimwambia mganga nimetapika damu. Sikutapika damu, Mama. Nilikubali, akanichoma sindano, nawe ukanishika mkono. Sijapata kupendwa kama nilivyopendwa siku za sindano.

Wageni wakija, ulikuwa unaonja ulanzi wa mianzi yetu kwanza ndipo uwape, wajue hauna kitu. Togwa yangu tu hukuionja. Nilipouliza ulisema, "Kikombe cha mgonjwa hakionjwi, mwanangu." Nikaamini. Mtoto asipomwamini mamaye, amwamini nani?

Kisha ukaenda msibani Makete, ukaniacha Makambako kwa Shangazi. Uliporudi ulinikuta natwanga mahindi, ukalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Usilolijua ni hili. Siku ya kwanza Shangazi aliniletea togwa, akapiga funda moja, akanipa. Nikamwambia kikombe cha mgonjwa hakionjwi. Akacheka.

"Nani kakudanganya, we binti? Aliyeleta ndiye anayeonja. Asiyeonja ana lake jambo."

Alikuwa anatania tu. Mimi sikucheka.

Nilirudi nawe Njombe, na wiki hiyohiyo nikalala kitandani tena. Tangu hapo nilikuwa namwaga togwa yako nyuma ya nyumba kila nilipopata nafasi, na kila nilipoimwaga nilipata nguvu. Nilipoposwa na mtu wa mkongeni ulisema nitafia njiani. Hata homa sikupata. Nakuchukia, Mama, na nakukumbuka pia, hasa jioni, na sijui nifanye nini na mambo hayo mawili.

Nisalimie Baba, mwambie mkwewe anamheshimu. Nisalimie mama mkubwa muuza viazi, na mzee wa kanisa anayekuletea kuni. Tumaini mwambie dada yake yu hai na anafanya kazi.

Barua hii sikuituma kwako moja kwa moja. Niliituma Makambako, na aliyekukabidhi sasa hivi ni Shangazi. Amekwisha kusomewa yote. Usimtayarishie safari ya kurudi, kwa maana amekuja na mkeka wake, na atalala chumba kimoja na Tumaini. Jioni ukileta kikombe, atakipokea yeye, halafu atakurudishia na kukuambia neno ambalo mgeni yeyote wa kwetu ana haki ya kulisema: "Onja kwanza, wifi."

Ni mimi mwanao, mzima,
Yudita