Keria ya Baiskeli ya Bujiku

+

Lwenge, Geita
10 Agosti 1975

Mume wangu Baba Kamili,

Tunakusalimu sote hapa nyumbani kwako. Hujambo huko Mwadui? Na kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepoa? Huku mhola, salama tu. Kamili anakimbia sasa, akiona gari lolote anaita baba. Mama yako Mbuke mzima, mguu unamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anausahau.

Anayeniandikia ni Mzee Mabula katekista, kama siku zote. Nakueleza kwamba mtihani wa kisomo cha watu wazima tumeshaufanya, matokeo bado. Mwalimu wetu Donatus ametuahidi matembezi. Tutaondoka alfajiri kwa baiskeli, tutashuka korongoni na kulipita kwa miguu mpaka upande wa pili, kisha tutapanda mitumbwi ziwani, jioni turudi. Ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Karibu darasa zima linakwenda, na wengi wetu ni kina mama. Naomba ruhusa yako. Mimi sijawahi kugusa maji ya ziwa, na unajua mwenyewe tuko karibu nalo kiasi gani.

(Mimi Mabula naongeza langu: mruhusu, Bujiku. Anachapa kazi huyu.)

Mkeo,
Mama Kamili


Mwadui, Shinyanga
1 Septemba 1975

Mke wangu Mama Kamili,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa mwanangu. Mimi mzima, kifua kimepoa, kazi ya mtambo wa kuoshea udongo wa almasi ni ile ile, vumbi na kelele. Otmar, mwenzangu wa chumbani, anakusalimu.

Barua yako nimeipata. Jibu langu ni hapana.

Usidhani mimi mtu mbaya. Siku nilipokuchukua kwenu Ushirombo, tukiwa juu ya lori, uliniuliza ziwa likoje. Nilikuahidi nini? Nilisema nitakupeleka mimi, kwa baiskeli yangu, nikupandishe mtumbwi, unishike mkono ukiogopa. Ulicheka mpaka watu wakageuka. Sasa leo ziwa langu nimpe Donatus? Nani huyo Donatus? Ana miaka mingapi? Ameoa? Mbona barua nzima hukusema?

Tena najiuliza utakwenda na baiskeli ya nani, maana kuendesha hujui. Utapakiwa. Mke wangu apakiwe kwenye keria kilomita ishirini, akimshika mwanamume kiunoni kila kwenye shimo, na njia ile yote ni mashimo! Hapana. Baiskeli yangu ikae palepale kwenye kenchi ya paa nilipoitundika, ndani ya gunia lake, asiiguse mtu. Krismasi nitakuja na likizo, nitaishusha, tutakwenda wawili.

Mumeo,
Baba Kamili


Lwenge, Geita
14 Septemba 1975

Mpendwa Baba Kamili,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama hajambo. Kamili hajambo.

Barua yako imefika Jumanne. Safari ilikuwa Jumamosi kabla yake. Nilisubiri jibu mpaka Ijumaa jioni, nikaona kimya, nikasema angekataa angeshaandika. Nisamehe. Nimekwenda.

Usikasirike kwanza. Nataka uone nilichoona.

Tulitoka baiskeli kumi na moja. Kengele zililia kijiji kizima kikaamka. Njiani pancha tatu. Mama mmoja aliingia kwenye shamba la mihogo na baiskeli yake, akatoka na majani kichwani, tukacheka mpaka tukashindwa kupanda tena.

Korongoni tuliacha baiskeli kwa mlinzi wa ghala la pamba. Tukavua viatu. Ni kama ufa kati ya miamba, mrefu, juu unaona mbingu nyembamba. Maji yanafika magotini, baridi sana. Pimbi wanakuchungulia juu ya mawe. Kuna mahali mwamba unateleza, tulishikana kanga tukawa mstari mmoja. Niliogopa. Nilipotoka upande wa pili niliona ziwa lote kwa mara moja. Baba Kamili, mbona hukuniambia ni kubwa hivyo? Nililia kidogo. Nilikukumbuka.

Mitumbwi ilikuwa minne. Bibi mmoja wa darasa letu alimnyang'anya mvuvi kafi, akapiga yeye mpaka kisiwani na kurudi, mvuvi amekaa kama mgeni wa harusi. Tulikula sato wa kuchoma. Tulirudi jua linazama, makalio yanauma wiki nzima.

Barua hii ina siri ndani yake. Utaiona mwenyewe. Nina hamu ya kujua utasema nini.

Mkeo,
Mama Kamili


Mwadui, Shinyanga
30 Septemba 1975

Mama Kamili,

Salamu. Mimi mzima wa mwili tu.

Siri yako nimeiona. Nimeiona kabla barua haijamaliza kukunjuliwa. Mzee Mabula huanza na msalaba juu ya karatasi, mwandiko wake umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Barua hii haina msalaba, na maandishi yamesimama wima, makubwa, yamepangwa kama ya ubaoni. Otmar ameiangalia akasema huu ni mwandiko wa darasani. Kwa hiyo siku hizi barua zangu anaandika Donatus! Mwanamume anakupeleka ziwani, jioni mnakaa pamoja anakuandikia "nililia kidogo, nilikukumbuka." Alicheka alipoandika hapo, au alikufuta machozi?

Usiniambie umeandika wewe. Mtu mzima hajifunzi kuandika kurasa mbili kwa jioni za kisomo. Najua ninachosema.

Nimeisikia barua hii mara nne. Baiskeli kumi na moja, umeandika. Pancha, umeandika. Mama wa mihogo, umeandika. Ulikaa kwenye keria ya nani, hukuandika. Ungekuwa huna cha kuficha ungeandika hilo kwanza. Nikiwa kazini natazama ule udongo unazunguka ndani ya maji, naona wewe na mtumbwi, na mkono wa mtu. Silali vizuri. Chakula hakishuki. Nakuambia wazi, nina wivu, na sioni haya kuwa nao, kwa sababu lile ziwa lilikuwa ahadi yangu.

Nimempelekea habari kaka Mageni. Atakuja hapo akuchukue akurudishe kwa baba yako Ushirombo mpaka nitakapojua ukweli. Kamili abaki na mama yangu.

Bujiku


Lwenge, Geita
26 Oktoba 1975

Baba Kamili,

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo.

Kaka Mageni alikuja siku ya mnada. Alikaa kwenye kigoda, akatazama chini, akasema ametumwa na mdogo wake. Nilianza kufunga mzigo. Sikubishana. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamuuliza Mageni, kosa la huyu ni lipi? Mageni akasema amepakiwa kwenye baiskeli ya mwalimu. Mama yako akasema hivi, nakuandikia maneno yake yenyewe:

"Aliyepakiwa siku ile ni mimi. Nipandishe mimi, unirudishe kwetu."

Mageni hakujua acheke au akimbie. Alikunywa uji akaondoka.

Sasa sikiliza ukweli wako. Baiskeli yako niliishusha mwezi wa tano. Nimejifunzia uwanja wa shule, na goti la kushoto lina kovu, ukija utaliona. Siku ya safari niliendesha mimi, baiskeli yako, na kwenye keria yako alikaa mama yako mzazi juu ya gunia lililokunjwa, ameshika kiuno changu, ananikemea kila kwenye shimo. Yeye naye yumo kisomoni tangu mwaka jana. Alinikataza kukuambia, anasema wewe ungemcheka uzeeni. Yule bibi aliyenyang'anya kafi ni yeye. Alizaliwa kule ufukweni, wewe unajua, mara ya mwisho kushika kafi alikuwa msichana. Kule korongoni tulimbeba kwa zamu. Alipofika kwenye maji aliosha uso, akayaonja kwa kiganja. Ungekuwepo ungelia kuliko mimi.

Na barua ile niliandika mimi. Jioni nne. Karatasi sita niliharibu. Hii pia naandika mimi, Kamili amelala miguuni pangu. Siri ilikuwa hiyo. Nilidhani utaona mkono wa mkeo ufurahi. Wewe ukaona mwanamume.

Nilipomsomea mama yako mahali unapolaumu mwandiko, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kuna nini. Akasema nikuulize wewe, yeye hasemi.

Nimeumia, Bujiku. Mageni ameondoka lakini mzigo wangu sijaufungua. Upo mlangoni. Sirudi kwetu kwa sababu Mageni amesema, na sibaki kwa sababu mama yako ana mwiko. Nataka neno lako mwenyewe. Novemba ikiisha bila neno, naondoka na Kamili, na sitahitaji kupakiwa na mtu. Baiskeli nitairudisha ikifika kwetu.

Anisia


Mwadui, Shinyanga
24 Novemba 1975

Mke wangu Mama Kamili,

Nakusalimu, na salamu hii inaona aibu. Naomba ikukute hapo nyumbani, mzigo ukiwa bado mlangoni.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Sikujibu upesi kwa sababu nilitaka nijibu mwenyewe, nikajaribu, nikashindwa. Anayeandika hii ni Otmar. Zote zilizotangulia ameandika Otmar, na zako zote amenisomea Otmar. Hicho ndicho kilichomchekesha mama. Mimi shule nilikaa mwaka mmoja nikakimbilia ng'ombe. Lile gazeti nililokuwa nalishika mbele yako tulipooana nilikuwa naangalia picha. Msalaba wa Mzee Mabula ndio herufi pekee niliyokuwa naijua.

Nilisema mtu mzima hajifunzi kuandika. Nilisema hivyo kwa sababu hapa Mwadui kuna kisomo, niliingia mwaka juzi, nikatoka baada ya wiki tatu. Vijana walinicheka. Sikuamini kama wewe umeweza nilichoshindwa mimi. Na mama pia! Mama mwenye mguu mbovu!

Nikuambie lililo baya zaidi. Nilipojua kwamba ulioandika ni mkono wako, wivu haukuisha. Ulihama tu. Kwanza nilimwonea Donatus, sasa nakuonea wewe. Umeliona ziwa bila mimi, umeendesha baiskeli yangu bila mimi, umejua kusoma bila mimi. Nilikuwa nimekuwekea yote hayo juu kwenye kenchi pamoja na ile baiskeli, nikidhani yatakaa yananisubiri. Nisamehe, mke wangu. Fungua mzigo. Kaka Mageni nimemtumia ujumbe mwingine, na yeye ameshachoka na mimi.

Nimerudi kisomoni. Wanaocheka na wacheke. Chini hapa jina nimeandika mwenyewe, Otmar hajagusa kalamu.

Halafu nauliza tu, si kwa ubaya. Huyo Mwalimu Donatus ameoa?

BUJIKU


Lwenge, Geita
2 Desemba 1975

Mume wangu Baba Kamili,

Hujambo? Sisi wazima wote, na mzee Mabula anakusalimu ingawa nimemnyima kazi.

Barua yako imefika jana, mwezi umeshaisha. Mzigo ulikuwa umeshafungwa kwenye keria kwa mpira, Kamili amevaa viatu. Mama yako alikuwa amesimama barabarani ananizuia, na mwiko wake. Karani wa posta wa kijiji ndiye aliyekuja mbio na bahasha. Niliisoma nimeegemea baiskeli. Nilisoma mara mbili, kisha nikafungua mpira.

Sijaacha kukasirika. Nimekasirika kidogo bado, nitamaliza ukifika.

Lakini jina lako nimelitazama sana. Umebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Mama yako ameliona akalia, halafu akasema herufi zako mbovu kuliko zake. Amelibandika ukutani kwa uji, juu ya kitanda chake, wala hanirudishii.

Mwalimu Donatus ana mke na watoto mapacha. Mkewe ndiye aliyetuchomea sato. Umeridhika? Basi na mimi nauliza tu, si kwa ubaya: mashati yako Mwadui anafua nani?

Siku ya basi nitakuja kukupokea njia panda na baiskeli. Nitaendesha mimi, kwa sababu wewe utakuwa umechoka na safari, na kwa sababu nataka. Keshokutwa yake tunakwenda ziwani kwa njia ya korongo. Pale panapoteleza utanishika mkono ukiogopa.

Shemeji Otmar, asante kwa kazi yote. Sasa ishia hapa, umpe yeye karatasi. Mstari wa chini ni wake kuusoma, hata ukimchukua mpaka Krismasi.

NJOO. KERIA NI YAKO.

Mama Kamili