Seyidi Hakujenga Majini

Dar es Salaam, 9 Juni 2022

Kwa dada Dunia,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, wifi yako anakusalimu. Miguu inaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unakata simu.

Habari ni njema. Kampuni ya utalii inatengeneza njia ya wageni pale Ujiji ya zamani, kando ya ziwa, na nyumba yetu imo. Itawekewa kibao: "Nyumba ya Seyidi Hamdani, Tajiri wa Pembe". Nimewaambia sisi ni vitukuu vyake. Siku ya uzinduzi nitahutubia mimi. Wewe nakuomba ukae mbele, uvae vizuri, unyamaze.

Mdogo wako,
Songoro

Ujiji, 21 Juni 2022

Songoro,

Marahaba. Miguu inauma lakini bado inanibeba. Wifi msalimie.

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Huyo Seyidi alijenga majini? Enzi zake hapa palikuwa ziwa. Maji yaliporudi nyuma yakaacha tope, na matajiri wakabaki kule juu, hawakutaka kuchafua kanzu. Waliolishika tope ni watu wao, wale walionunuliwa, maana hawakuwa na pengine pa kushika. Mwavita, mama yake bibi yetu, aliletwa kutoka Kongo na kamba shingoni. Alipoachiwa akalima mpunga hapa, akajenga hapa. Mtaa mzima ulianza hivyo. Leo kila mlango una babu tajiri. Hivi waliouzwa wote walikufa bila kuzaa?

Andika jina lake, au kibao chako kakitundike kwako Dar.

Dada yako,
Dunia

Dar es Salaam, 3 Julai 2022

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Yaani nisimame mbele ya wakwe wa binti yangu nitamke neno mtumwa? Hayo ya tope ni hadithi za vikongwe. Kibao kimeshachorwa.

Mdogo wako,
Songoro

Dar es Salaam, 14 Februari 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Miguu je? Dawa unapata?

Najua hatujaandikiana tangu ulipoinuka katikati ya hotuba yangu ukaondoka. Dada, tumepatikana. Wajukuu wa kweli wa Seyidi wamejitokeza, wametushtaki kwenye baraza la ardhi. Wana picha ya kibao, na hotuba yangu wanayo kwenye simu. Wanasema nyumba ni ya babu yao, kama nilivyotangaza mwenyewe, ila sisi hawatujui. Tafadhali waeleze baraza habari za Mwavita. Sema yote, hata ile kamba.

Mdogo wako akupendaye,
Songoro

Ujiji, 22 Februari 2024

Songoro,

Marahaba. Leo nimekuwa mpenzi! Na hadithi ya vikongwe leo ina kazi.

Nitasema, wala si kwa ajili yako. Lakini nimeuliza, nikaambiwa maneno yanayotuangusha ni yako, na wa kuyafuta ni wewe. Baraza ni Jumatatu, tarehe nne Machi. Njoo useme: "Nilidanganya. Mimi ni kitukuu cha Mwavita, aliyeuzwa." Ni fupi kuliko hotuba uliyowapigia wazungu.

Dada yako,
Dunia

Mwandiga, 30 Machi 2024

Songoro,

Salamu sina.

Nilisema peke yangu. Mwenyekiti akauliza, "Huyo ndugu yako yuko wapi?" Nikawa naangalia mlango kama mjinga. Wakaisikiliza tena sauti yako kwenye ile simu, Seyidi amekujaa mdomoni, na mambo yakaishia hapo. Nyumba imekwenda. Sasa niko kwa binti yangu.

Nilidhani hukusafiri. Mwanao ndiye aliyeniambia kwamba ulifika Kigoma, ukashinda hotelini siku nzima na suti yako, kesho yake ukarudi Dar. Kutoka pale hotelini ungefika barazani hata kwa miguu.

Umekubali kupoteza nyumba aliyokujengea Mwavita kuliko kumwita bibi. Wale waliomnunua angalau walimtaka.

Dunia wa Mwavita