Ulikufa Kwanza kwa Ajili ya Sinema

Papa wangu mpendwa,

Jana wajukuu zako waliniuliza kama ni kweli babu yao alicheza sinema na Wazungu. Nikawaambia ni kweli, na kwamba mwanzoni alicheza vibaya. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nimezeeka kukupita, Papa. Wewe ulibaki na nywele zako nyeusi.

Unakumbuka asubuhi Bwana Lusiani alipofika kijijini kwetu Kibabi na malori na mahema yake? Tulitegemea mtu mkubwa. Akashuka mzee mwembamba mwenye skafu shingoni, akakanyaga matope kwa viatu vya ngozi laini, akauliza kwa upole nani anajua vilima hivi. Wewe ukaacha jembe katikati ya maharage. Mama alikununia siku nzima. Tangu hapo ukawa unambebea kamera mlima kwa mlima, na jioni ulirudi na habari zake badala ya kuni.

Ndiyo maana yule Mfaransa namjua kuliko baadhi ya wajomba zangu. Baba yake alikuwa mshona viatu katika mji wa makaa ya mawe. Yeye alitoroka nyumbani akafuata kundi la waigizaji, na baada ya miaka michache uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za Paris. Katika sinema alikuwa siku zote yule kijana anayependwa halafu anakufa. Alikufa kwa bastola, kwa maji, kwa sumu. Mama yake alikwenda kumtazama, akalia hadi majirani wakamshika mkono kumrudisha nyumbani, na huku mwanawe yu mzima anakunywa mvinyo. Siku mama huyo alipozikwa, yeye alikuwa jukwaani anachekesha watu. Hakwenda. Kisha vikaja vita. Wajerumani walipoutawala mji wake aliendelea kuigiza mbele yao, na vita vilipokwisha wenzake hawakumsalimu tena, wala hakuna aliyemwita kazini. Hapo akaanza kutengeneza sinema zake mwenyewe, mbali, kwa watu wasiomjua.

"Ule muzee iko na huzuni mingi," ulituambia.

"Na sisi tuko na maharage haiyapaliliwa," mama akakujibu.

Sinema yenyewe ilikuwa hivi: mkulima anakufa, mkewe anamlilia, Mzungu mmoja anatazama na moyo wake unageuka. Mkulima awe wewe, mke awe mama. Ulikubali kabla hajamaliza kusema. Wiki ile ulitembea kijijini kama chifu. Hata maji ulikunywa ukiwa umegeuzia uso kwenye mwanga, na mama akakuuliza kama shingo inakuuma.

Bibi, mama yako, alitoa sharti moja tu: mama asikutaje jina. Wewe unajua mambo ya kwetu. Kilio kisicho na jina ni kelele tu. Kilio chenye jina la mtu na la baba yake ndicho kinachomtoa duniani, na mtu hutolewa mara moja. Kwa hiyo ulipolala kwenye machela ya mianzi, mama alilia "bwana yangu, bwana yangu" kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Nawe hukuacha kupepesa macho. Bwana Lusiani alisimamisha kamera, akaanza tena, akasimamisha tena.

Mwishowe alikuondoa kwenye machela, akalala yeye. Hakufanya kitu. Alifunga macho, akaacha taya ilegee, na uso wake ukaondoka. Sijui niseme vipi. Wanawake waliokuwa wakicheka walisimama wote, na bibi akafanya ishara ya msalaba. Kisha mzee akaamka, akajipangusa, akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, fikiri muntu haukumulia bado. Miye sikulilia mama yangu. Ita jina. Bila jina, iko bongo, haiko kweli."

Ukarudi kulala. Ulikuwa umejifunza. Ulikufa vizuri mno, Papa, na kwa hilo nilikukasirikia miaka mingi. Mama alikutazama, kilio kikamtoka: "Matayo! Matayo mwana wa Bauma, unaniacha na nani!" Wanawake wakaitikia kilima kizima. Nyuma ya kamera Bwana Lusiani alikuwa analia. Ulipoamka ukicheka, hakuna aliyecheka nawe.

Mvua zilipoanza, mkashuka Walikale kutafuta picha za msitu. Kwenye daraja la magogo lori liliteleza, nawe ulikuwa umekaa juu ya masanduku. Bwana Lusiani alikuleta mwenyewe. Kilima cha mwisho alikipanda kwa miguu kando ya machela yako, vile viatu vyake vimekwisha kabisa.

Mama alifungua mdomo. Bibi akauziba kwa kiganja.

"Tulisha kumulia," alisema. "Ni mutoto yangu, miye pia nataka kulia. Lakini kilio ya pili inaita mutoto wa nyumba, naye anakufa."

Akanitazama. Mtoto wa nyumba alikuwa mimi peke yangu.

Tulikuzika kimya. Tulisikia udongo tu. Bwana Lusiani alimuuliza katekista kwa nini hakuna anayelia, na alipoelezwa alikaa chini kwenye matope, akabaki pale hadi watu wote wakaondoka. Mama hakulia siku ile wala mwezi ule. Alipalilia maharage akikata na miche yake, ameuma ncha ya kitenge. Alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Nilijua, na niliogopa hata kukohoa mbele yake.

Mwaka uliofuata mzee akarudi, amekonda, na sinema yake ndani ya mkebe wa bati. Ilikuwa Jumapili baada ya Misa. Madirisha ya darasa la misheni yalifunikwa kwa mablanketi, shuka ikatundikwa ukutani, nawe ukatokea. Ulikuwa mrefu kuliko mlango! Ukalima, ukanywa maji ukigeuzia uso kwenye mwanga, na watu wakaguna kwa kukupenda. Kisha ukalala kwenye machela. Mama akatokea, akafungua mdomo, na tukasikia fidla. Huko Ulaya walikuwa wameiondoa sauti yake wakaweka muziki mtamu, eti kilio kile kingetisha watazamaji. Bwana Lusiani alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami.

Kwenye shuka mdomo wa mama ulibaki wazi bila sauti. Na hapo kwenye benchi, ubavuni mwangu, mama akaupa sauti yake.

"Matayo! Matayo mwana wa Bauma, unaniacha na nani!"

Maneno yale yale, mdomo wa ukutani na mdomo wa kwenye benchi ikienda pamoja. Nikamshika bibi mkono, nikingoja amzibe. Bibi hakumziba.

"Mumuache," aliwaambia watu. "Hii haiko ya pili. Ndiyo ile ya kwanza, inamalizika."

Kisha naye akaanza, na darasa zima likamfuata. Ndivyo ulivyoliliwa, Papa. Mimi pia nililia, na sikufa.

Bwana Lusiani hakutengeneza sinema nyingine. Baada ya muda katekista alituletea habari kwamba amekufa huko kwao katika chumba cha kupanga, peke yake, na kwamba waliomjua walikuwa wameacha kumsalimu. Mama aliweka jembe chini, akafunga kitenge vizuri, akavuta pumzi ya kumlilia. Bibi akauliza, "Lusiani mwana wa nani?" Ulikuwa umetusimulia vifo vyake vyote na viatu alivyoshona baba yake, lakini jina la baba huyo hukututajia. Mama akaokota jembe.

Ukimkuta huko uliko, Papa, muulize jina la baba yake. Nakungoja, na sauti ya kumlilia bado ninayo.

Mimi, mtoto wa nyumba yako